Bakteria Wanaofichua Saratani ya Kongosho

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, mahali ambapo vidole vya daktari havifiki. Uvimbe ukiota huko hukua kimya. Macho yanapogeuka manjano na mgongo kuanza kuuma, mara nyingi saratani imeshasambaa na upasuaji hausaidii tena. Mwaka 2022 ulimwengu ulipata wagonjwa wapya wapatao 510,000. Waliofariki kwa ugonjwa huo mwaka huohuo walikaribia 467,000.

Mwaka huo pia jarida la Gut lilichapisha utafiti unaostahili kusomwa kwa makini. Núria Malats wa Madrid na Peer Bork wa Heidelberg, pamoja na wenzao, walichunguza kinyesi cha Wahispania 57 wenye saratani hii ambao hawajaanza tiba, wakakilinganisha na cha watu 50 wasio nayo na 29 ambao kongosho lao lilikuwa limevimba kwa muda mrefu. Walisoma DNA ya bakteria waliomo. Kwa wagonjwa, Veillonella atypica na jamii ya Fusobacterium, ambao kwa kawaida huishi kinywani, walikuwa wamejaa utumboni. Faecalibacterium prausnitzii na Bifidobacterium bifidum, wakazi wema wa utumbo, walikuwa wamepungua. Kompyuta ikafundishwa kuzitambua tofauti hizo, kisha ikapewa sampuli za Wajerumani ambazo haikuwahi kuziona, nako ikafaulu. Matokeo yake yalipounganishwa na kipimo cha damu cha CA19-9, alama zilipanda kutoka 0.84 hadi 0.94, ambapo 0.5 ni kubahatisha tu, na 1 ni kutokosea kamwe.

Lakini kumgundua aliyekwisha kuugua si kutabiri. Kuhusu utabiri, kazi ya Jiyoung Ahn na wenzake wa New York, iliyotoka mwaka 2018, ina uzito wa pekee kwa sababu walitumia maji ya kusukutua kinywa yaliyohifadhiwa kabla watu hawajaugua. Waliokuwa na Porphyromonas gingivalis, bakteria wa ugonjwa wa fizi, walikuwa na hatari iliyozidi kwa takriban asilimia 60. Hilo halithibitishi kwamba bakteria huyo ndiye chanzo.

Je, tupimwe sote? Hapana. Chukua watu 100,000, tuseme 15 kati yao wana saratani hii. Kipimo kinachomhesabu kimakosa mzima mmoja katika kila kumi kuwa mgonjwa kitawatia hofu wazima wapatao 10,000 ili kuwapata hao 15. Kipimo cha namna hii kinawafaa kwanza wale ambao ndugu zao wa damu waliugua, na waliovuka miaka 50 ambao ghafla wamepata kisukari huku wakikonda.

Kuna jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2014 watafiti waliwalinganisha Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, na Waitalia wa Bologna, wakakuta watu wazima wa Kihadzabe hawana kabisa Bifidobacterium, ingawa ni wazima wa afya. Kompyuta iliyofundishwa kwa matumbo ya Ulaya ingeweza kuuhesabu upungufu huo kuwa dalili ya saratani. Utumbo wa mvuvi wa Kilwa au mkulima wa Kisii nao haukulishwa kama wa Madrid. Vyuo vyetu vya tiba na hospitali za rufaa zianze sasa kukusanya na kuhifadhi sampuli za watu wetu, wagonjwa na wazima, kabla kipimo hiki hakijaletwa sokoni kikiwa kimepimwa kwa wengine.