Kidhibiti Joto Katika Friza la Maziwa

Kamati kadhaa za sharika zimeuliza iwapo friza la kawaida la mlango wa juu laweza kutunza maziwa ya kikundi bila kuyagandisha. Jibu ni ndiyo, mradi friza lifungwe kidhibiti joto cha kidijitali. Kifaa hiki kidogo hupima joto la ndani kwa kutumia kihisi chenye waya, kisha huwasha na kuzima kompresa.

Kazi ya kuunganisha nyaya ni ya fundi umeme, na umeme uzimwe kwanza. Katika aina ya STC-1000 kuna matundu mawili ya kupasha joto na mawili ya kupoza. Friza liunganishwe kwenye ya kupoza. Swichi ya joto ya friza lenyewe iwekwe kwenye baridi kali kabisa, ili kidhibiti ndicho kitoe amri.

Baada ya hapo kuna mipango minne. Bonyeza kitufe cha S kwa sekunde tatu. F1 ni joto linalotakiwa: kwa maziwa weka nyuzi 4 za Sentigredi. F2 ni tofauti. Ukiweka 1, kompresa itawaka joto likifika 5 na kuzimika likirudi 4. F3 ni dakika za kusubiri kabla ya kompresa kuwaka tena. Hapa tunaomba msifanye haraka. Kompresa ikizimika, gesi huhitaji muda kusawazisha mgandamizo wake; ikilazimishwa kuwaka mapema huhangaika, hupata moto na mwishowe huungua. Weka dakika 5. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kuwashia, la sivyo marekebisho hayahifadhiwi.

F4 ni ya kusahihisha kihisi. Ponda barafu, ongeza maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza ncha ya kihisi. Kioo kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 1, weka -1.

Kihisi kiwekwe ndani ya chupa ya maji, mbali na kuta. Kikiachwa wazi, kila mfuniko unapofunguliwa hewa ya joto hukidanganya, na kompresa huwaka bure. Wahisani wanaolipia umeme watalipenda hili.

Isitarajiwe, hata hivyo, kwamba friza litapoza haraka dumu kubwa la maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Litachukua saa nyingi, na wakati huo bakteria wanazaliana. Baridi huwapunguza kasi tu, haiwaui. Tumieni vyombo vidogo vya chuma, na vikae kwanza kwenye maji baridi.

Zahanati zisitumie mpango huu kwa chanjo. Chanjo nyingi huhitaji nyuzi 2 hadi 8, na baadhi huharibika kabisa zikiganda. Kwa hizo yatafutwe majokofu yaliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani.