Simba Hufuata Nguruwe

Msimu wa mavuno, baba anayelala shambani katika vijiji vya Lindi na Kilwa hajaenda kumngoja simba. Amekwenda kwa ajili ya nguruwe. Mahindi yakishakomaa na mtama ukishainamisha vichwa, nguruwe pori hutoka kichakani giza likiingia, dume, majike na watoto wao, na kundi moja likipata nafasi linaweza kumaliza chakula cha miezi kabla jogoo hajawika. Kwa hiyo familia huhamia huko huko. Hujengwa dungu: nguzo nne, jukwaa la miti lililopita kimo cha mtu, paa la nyasi, debe la kupiga na kuni za moto. Hilo ndilo dungu lenyewe. Mengi yanayojengwa haraka haraka ni vibanda vya chini tu, kuta za mabua, mlangoni kumetundikwa mkeka au kanga. Mama na watoto wako ndani, baba kajilaza karibu na mlango, panga ubavuni.

Hakuna aliyemwamuru alale hapo. Atakayekuja, aanze na mimi: ndivyo mwili wake unavyosema hata kama mwenyewe hajatamka. Pwani hii haijawahi kupungukiwa na watu walio tayari kusimama mbele ya watoto wao. Lakini ukizisoma takwimu za wanasayansi, unaona kwamba utayari huo mara nyingi ulielekezwa saa isiyo yake, na wakati mwingine kwa adui asiye yeye.

Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha hesabu iliyokusanywa na Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota pamoja na Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir. Tangu 1990, simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 nchini Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308. Mzigo mkubwa uliangukia kusini mashariki, Lindi, Mtwara na Rufiji, na matukio yalizidi kati ya Machi na Mei, yaani wakati watu wako shambani wanalinda mazao.

Simba mmoja wa Rufiji aliyeanza kuua mwaka 2002 alihesabiwa kuwa amemaliza watu wasiopungua 35 hadi alipopigwa risasi Aprili 2004. Watu walimpa jina la Osama. Alipochunguzwa alikutwa na jipu chini ya gego lililopasuka, na tangu hapo kila mtu anapenda kueleza kwamba simba mla watu ni mgonjwa, meno yamemshinda, nyati hamuwezi tena. Kwa simba mmoja, sawa. Mamia ya vifo katika wilaya kadhaa kwa miaka 15 hayawezi kutundikwa kwenye gego moja.

Packer na wenzake walimwelekezea kidole nguruwe. Mashamba yalivyopanuka, mawindo mengine ya kawaida ya simba yalipungua sana katika maeneo hayo, lakini nguruwe pori alibaki. Anakula kile kile anachopanda mkulima, mchana analala vichakani, na usiku ndiyo saa yake ya kazi. Tena watu wengi wa ukanda huu ni Waislamu; nyama yake haiingii chunguni, kwa hiyo si wengi watakaosumbuka kumwinda. Shamba likamvuta nguruwe, nguruwe akamvuta simba, na simba alipofika ukingoni mwa mahindi akakuta kibanda chenye mlango wa kanga. Kushnir alipolinganisha watu waliovamiwa na wasiovamiwa katika wilaya za Rufiji na Lindi (Kilwa iko katikati yake), mambo yaliyojitokeza yalikuwa ya kawaida kabisa: nguruwe wanaoonekana mara kwa mara, nyumba dhaifu, kulala nje, mwendo mrefu wa kufuata mahitaji.

Kuna historia hapa isiyosemwa sana. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, Kilwa, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya Wajerumani. Kwa upande wa Uzaramo, kaskazini zaidi, mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha jinsi utawala huo wa Wajerumani ulivyowaondoa wanaume vijijini kwa kazi, ukabana uwindaji, na wanawake wakaachiwa mashamba yaliyosombwa na nguruwe na njaa ikafuata. Nikisoma hayo naona kwamba kulinda familia katika nchi hii kulikuwa kazi ya kijiji, yenye nyavu, mbwa na watu wengi kwa pamoja. Picha ya mwanamume mmoja na panga lake ilibaki baada ya kijiji kunyang'anywa vingine vyote.

Sasa habari ya mwezi, ambayo kwangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mwaka 2011 Packer, Alexandra Swanson, Ikanda na Kushnir walipanga mamia ya mashambulizi ya Tanzania kwa saa na kwa umri wa mwezi. Usiku, hatari kubwa iliangukia kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne kasorobo, wakati watu bado wako macho, wanapika nje, wanakwenda chooni, wanatoka msikitini baada ya Isha. Na siku mbaya zilikuwa zile zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake haina uchawi. Simba hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwaka usiku kucha mawindo humwona na yeye hulala njaa. Mwezi ukishapevuka, kila siku huchelewa kuchomoza kwa karibu dakika 50, na katikati ya magharibi na kuchomoza kwake huzaliwa pengo la giza. Simba mwenye njaa huingia katika pengo hilo.

Watu wa Pwani hawahitaji mtambo kujua jambo hili. Wavuvi wanajua bamvua na maji mafu, na kila nyumba ya Kiislamu inajua leo mwezi ngapi. Mwezi 14 watoto wanacheza nje kwa raha na hakuna neno. Kuanzia mwezi 16 hadi 25, chakula kipikwe mapema na mlango ufungwe magharibi. Kinachochanganya ni kwamba usiku wa mwangaza humpa mtu ujasiri, na ujasiri huo haupungui mara moja mwangaza unapoondoka.

Simba mwenyewe analijua deni la kulinda ukoo. Huko Serengeti, takriban robo ya vifo vya watoto wa simba husababishwa na madume wageni, kwa kuwa jike aliyepoteza wanawe huingia joto upesi. Majike hulea pamoja ili wapigane pamoja. Mtafiti Karen McComb na wenzake waliwachezea rekodi za ngurumo za majike wageni: wakisikia sauti moja husogea, wakisikia tatu husita na kujihesabu kwanza. Mwaka 1995 Robert Heinsohn na Packer walionyesha jambo lenye kuchekesha kidogo, kwamba katika makundi wamo majike wanaotangulia kila mara na wengine wanaobaki nyuma kila mara, na waliotangulia hawawaadhibu waliobaki. Hutupa macho nyuma, hupunguza mwendo, kisha huendelea. Nadhani kila ukoo una mjomba wa namna hiyo.

Binadamu tumeongeza kitu ambacho simba hana, nacho ni shaka juu ya jirani. Kusini mwa Tanzania na ng'ambo ya Ruvuma wapo wanaoamini simba hutumwa kwa uchawi. Mwaka 2002 na 2003, katika uwanda wa Wamakonde upande wa Msumbiji, simba walipozidi kuua, baadhi ya walioshukiwa kuwatuma waliuawa na wanakijiji wenzao. Waliowaua walijiona wanalinda watoto wao, na nguruwe waliendelea kuchimba mihogo usiku ule ule.

Sheria yetu humruhusu mtu kumuua mnyama anayehatarisha uhai, mradi atoe taarifa. Kanuni za mwaka 2011 nazo ziliweka shilingi 1,000,000 kuwa kifuta machozi kwa familia iliyofiwa. Mimi ningeanzia kabla ya kaburi: serikali ya kijiji ihesabu madungu ifikapo Februari, ya chini yainuliwe juu ya nguzo, yapate mlango wa mbao wenye komeo, na mitaro ya kuzuia nguruwe ichimbwe kwa zamu kuzunguka mashamba yanayopakana na msitu, kabla mahindi hayajabeba.