Kushtuka Unapoanza Kusinzia

Umesoma hadi saa tano usiku. Umefunga daftari, taa imezimwa na macho yamekuwa mazito. Ghafla mguu unaruka, kama mtu aliyekosa ngazi. Au unasikia mlio kichwani mithili ya mlango uliobamizwa, ilhali bweni zima kimya. Unaketi, moyo unakwenda mbio. Asubuhi wenzako wanasema umetupiwa kitu ili usifaulu. Mtahiniwa, usiwasikilize. Hilo ni tukio la mfumo wa fahamu, na linaelezeka.

Chukua mfano wa stesheni ya Tabora. Reli ya Kati, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya misafara ya kale kutoka pwani hadi Ujiji, hugawanyika hapo: moja huenda Kigoma, nyingine Mwanza. Mabehewa yanapokatwa na kuungwa upya, abiria huhisi mtikisiko. Treni haijapata ajali, inapangwa tu kwa safari. Ubongo nao hauhami wote kwa mara moja kutoka kukesha kwenda usingizini, na mtikisiko huo unaweza kujitokeza kwa namna mbili:

(a) Kuruka kwa misuli. Unapoanza kusinzia, shina la ubongo hupunguza kazi ya kukuweka macho na misuli hulegea. Wanasayansi wengi hueleza kuwa katika mabadiliko hayo msukumo wa ghafla huweza kushuka kupitia uti wa mgongo na neva hadi kwenye misuli, nayo hujikaza mara moja. Mara nyingi huambatana na hisia ya kuanguka.

(b) Mlio au mwanga kichwani. Mwaka 1876, miaka mitano baada ya Stanley kukaa Kwihara karibu na Tabora, daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell alieleza habari za watu waliopatwa na hali hii. Leo madaktari huiita "kichwa kinacholipuka". Jina linatisha, lakini hakuna kinacholipuka na kwa kawaida hakuna maumivu.

Usichanganye hali hizi na jinamizi. Kwenye jinamizi akili imeamka lakini misuli bado imelegea, hivyo unashindwa kujongea. Usichanganye pia na kifafa. Mtu akitetemeka mwili mzima kwa muda, akapoteza fahamu, akajing'ata ulimi au kujikojolea, apelekwe hospitali.

Vichochezi vikuu ni uchovu, kulala muda mfupi, wasiwasi, na kahawa au chai kali ya usiku. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini. Angalia orodha hiyo vizuri: ndiyo maisha ya mtahiniwa mwezi Oktoba.

Hapa ndipo penye hatari. Mshtuko wenyewe haukudhuru. Kinachokudhuru ni kuuogopa. Ukiogopa, unakesha, ukikesha, unachoka zaidi, ukichoka, unashtuka zaidi. Zaidi ya hayo, usingizi ndio wakati ubongo unapoimarisha kumbukumbu za mambo uliyosoma mchana. Anayekesha kwa hofu anapoteza usingizi na masomo pamoja.

Zingatia haya:
1. Acha kahawa na chai kali kuanzia alasiri.
2. Lala na kuamka saa zilezile kila siku.
3. Funga vitabu nusu saa kabla ya kulala.
4. Ukishtuka, vuta pumzi polepole, geuka upande mwingine, ulale.

Jipime
1. Taja njia ambayo msukumo hupitia kutoka kwenye ubongo hadi kwenye msuli wa mguu.
2. Tofautisha kushtuka unaposinzia na jinamizi.
3. Kwa nini kukesha usiku wa kuamkia mtihani kunaweza kukupunguzia alama? Toa hoja mbili.