Kumtambua Mende wa Lodwar na Kakuma

Mende wanaoonekana majumbani Lodwar na Kakuma si wa aina moja, na kuwatofautisha hakuhitaji darubini. Duniani kuna aina zaidi ya 4,500, lakini zilizozoea kuishi na watu ni 30 hivi. Pa kuanzia ni ngao ngumu iliyofunika shingo. Rangi ya mwili hudanganya: mende aliyetoka kujivua gamba huwa mweupe kwa saa kadhaa, na wengi humdhania mgeni.

Mende wa Kijerumani, Blattella germanica, ana mistari miwili myeusi inayokwenda sambamba juu ya ngao hiyo. Ni wa kahawia hafifu, mdogo, milimita 15 hivi. Ujerumani si kwao. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba alitokea India au Myanmar, yapata miaka 2,100 iliyopita. Jike hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 mkiani mpaka yakaribie kuanguliwa, hivyo mmoja tu aliyejificha ndani ya boksi la bidhaa kutoka Kitale anatosha kuijaza hoteli.

Yule mkubwa wa kahawia nyekundu, mwenye urefu wa sentimita 4 na ukingo wa manjano kwenye ngao, ni Periplaneta americana. Naye, licha ya jina lake, asili yake ni Afrika. Makao yake ni vyoo vya shimo na mitaro. Jikoni huja usiku.

Anayestahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni Supella longipalpa, Mwafrika mwingine, maana hali ya Turkana inamfaa mno. Hustawi joto likizidi nyuzi 27 na hahitaji maji mengi kama wenzake. Lodwar mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Ni mdogo kama yule wa Kijerumani, ila hana mistari miwili: ngao yake ni nyeusi katikati na kingo zake zinapitisha mwanga, na mikanda miwili hafifu hukata mgongo kwa upana. Hukaa juu, kwenye mbao za paa chini ya mabati, nyuma ya saa ya ukutani, ndani ya redio. Vifuko vyake vya mayai, vya milimita 5 hivi, hubandikwa chini ya meza na kwenye pembe za kabati. Dawa inayopulizwa sakafuni haimfikii kabisa.

Wapo pia mende wa mchangani, wa familia ya Corydiidae, wanaoishi nchi kame za Afrika na Asia. Jike ni wa mviringo, hana mbawa na huchimba mchanga. Dume huruka kufuata taa. Hawazaliani jikoni. Kumfagia nje kunatosha, na kumpulizia sumu ni uonevu.

Mdudu mweusi, mgumu, mwenye vipapasio vifupi na mgongo uliogawanywa na mstari mmoja ulionyooka si mende bali mbawakawa.

Asiyelingana na yeyote kati ya hawa atiwe kwenye chupa ndogo yenye spiriti, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli tarehe, mtaa na mahali hasa alipokutwa. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi, yana wataalamu wa wadudu wanaoweza kumlinganisha na sampuli zao.