Je, Wajua? Damu ya Mtoto Tumboni Hupimwa Ikikimbia

Simama kando ya barabara basi likupite likipiga honi: likija, sauti ni kali, likishapita, huwa nzito. Mwaka 1842 Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria, alieleza kanuni hiyo alipoandika kuhusu rangi za nyota. Leo kanuni hiyohiyo huokoa watoto ambao bado hawajazaliwa.

Ultrasaundi ya kawaida hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja. Itakuambia mtoto ni mdogo, haitakuambia kwa nini. Wapo walio wadogo kwa asili tu, wenye afya tele, na wapo wanaopunjwa chakula na kondo la nyuma. Kipimo cha Doppler husaidia kuwatofautisha. Mawimbi ya sauti hugonga chembe za damu ndani ya ateri za kitovu na kurudi yamebadilika, kisha kwenye skrini huchorwa safu ya vilima, kila kilima pigo moja la moyo. Daktari hukazia macho mabonde. Kondo likiwa zima, damu husonga mbele hata moyo unapopumzika. Likidhoofika, bonde hushuka. Likigusa mstari wa sifuri, hali ni mbaya. Damu ikionekana kurudi nyuma, suala la kumzalisha mama mapema haliwezi kungoja.

La ajabu zaidi, mtoto anayekosa oksijeni hutanua mishipa ya ubongo wake ili ubongo upate kwanza. Nalo huonekana.

Kipimo hiki huwafaa hasa wajawazito walio hatarini, kama wenye shinikizo la juu la damu.