Kusimama Si Kupona

Tangu mapigano ya mseto, yale ambayo vijana huyaita MMA, yaanze kuonekana katika vibanda umiza na katika simu za mkononi hata huku kwetu kusini, swali moja hunifuata kila niendapo kwa shughuli za utabibu, na juzi limenifikia tena Namasakata, mkoani Ruvuma, likiulizwa na watu wazima wenye akili timamu mbele ya watoto wao waliokuwa wakisikiliza: madhali mpiganaji aliyelazwa chini kwa ngumi huamka baada ya sekunde chache, akasimama na kumpa mkono aliyempiga, kwa nini refa avunje pambano, na kwa nini matabibu tuwazuie vijana wa kijijini wasirudi ulingoni wakiisha kumwagiwa maji na kupata fahamu? Nimelijibu swali hili kwa upole mara nyingi, na upole haukufaa kitu. Leo nalijibu kwa ukali kidogo, kwa sababu limejengwa juu ya dhana iliyokwisha kuua watu, nayo ni dhana kwamba aliyesimama amepona. Kusimama huthibitisha kwamba miguu imepokea amri. Hakuthibitishi hata kidogo kwamba ubongo uliotoa amri hiyo u salama.

Hoja wanayoitegemea wauliza swali ni yale waliyoyaona kwa macho yao. Katika mashindano ya mapigano hayo ya mseto yaitwayo UFC 300, yaliyopiganwa Las Vegas usiku wa tarehe 13 Aprili 2024, wakati ambapo kwetu ilikuwa tayari ni alfajiri ya Jumapili, Alex Pereira wa Brazil aliulinda ubingwa wake wa kilo 93 kwa kumwangusha Jamahal Hill katika raundi ya kwanza. Max Holloway alimlaza Justin Gaethje kifudifudi ikiwa imebaki sekunde 1 tu raundi ya tano iishe. Na Zhang Weili, bingwa wa wanawake wa kilo 52, alimtia kabali Mchina mwenziwe Yan Xiaonan mwishoni mwa raundi ya kwanza, hata kengele ilipolia yule bibi alionekana amelegea mwili mzima, watu wa kona yake wakamwinua na kumhudumia, naye akarudi akapigana raundi nne zilizobaki mpaka majaji wakampa Zhang ushindi. Basi huyu Yan ndiye anayetolewa kuwa ithibati: alizimika, akaamka, akaendelea, wala hakufa, na ikiwa mwanamke wa kilo 52 aliweza, kijana wa shamba mwenye kifua kipana atashindwaje?

Atashindwa kwa sababu mambo mawili yasiyofanana yamechanganywa yakafanywa kuwa jambo moja. Kabali iliyokazwa sawasawa haizibi koo la pumzi, kama wengi wadhanivyo, bali hubana mishipa miwili mikubwa inayopanda pande mbili za shingo kuupelekea ubongo damu. Na kwa kuwa ubongo, ambao ni sehemu 2 hivi katika 100 za uzito wa mwili, hutumia takriban sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote tunayoivuta, huzima kwa kiasi cha sekunde 10 unapokatiwa riziki hiyo, na kabali ikiachiwa mara moja damu hurudi na mtu huamka. Sisemi kwamba hilo ni salama, kwani ukuta wa mshipa wa shingo huweza kuchanika na kuleta kiharusi, na kabali iliyochelewa kuachiwa huua. Nasema tu kwamba katika kabali ubongo umenyimwa kitu kisha umerudishiwa, ilhali katika ngumi ubongo umepigwa. Anayetoa habari za Yan ili kumtetea kijana aliyepigwa ngumi ya kidevu ametoa ushahidi wa kesi nyingine.

Ngumi ya kidevu, au teke la upande wa kichwa, huzungusha kichwa kwa ghafula, na ubongo ulio laini ndani ya fuvu gumu hauzunguki sawia na fuvu lake; nyuzi nyembamba za neva huvutika, nyingine hukatika, na chembe za ubongo humwaga chumvi zake ovyo, zikalazimika kutumia nguvu nyingi kuzirudisha mahali pake katika saa na siku zile zile ambazo damu iendayo ubongoni imepungua. Huo ndio upungufu usioonekana kwa macho. Mpiganaji ameamka, anazungumza, anajua jina la mama yake, na huku ubongo wake unaishi kwa deni. Naye akipigwa tena kabla deni halijalipwa, hata kwa ngumi ambayo siku nyingine asingeihisi, ubongo huweza kuvimba kwa kasi ambayo hakuna mkono wa tabibu uwezao kuizuia, na aghalabu wanaopatwa na balaa hilo ni vijana.

Imani hii imetoka wapi? Naamini imetoka katika ngumi za kawaida, ambazo baba zetu walizipenda na ambazo sisi tulizipenda enzi za Rashid Matumla na Francis Cheka, kwani humo refa huhesabu mpaka kumi, na aliyesimama kabla ya kumi huruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo watu wengi wamekua wakiamini kwamba ile kumi ni kipimo cha siha. Hesabu ya kumi imo katika kanuni za Queensberry za mwaka 1867, zilizowekwa ili mchezo uwe na utaratibu wa kumjua mshindi, na haikupata kuwa kipimo cha ubongo hata siku moja. Waliotunga kanuni za mapigano ya mseto hawakuichukua kabisa: humo hakuna kuhesabiwa, bali refa hutazama jambo moja tu, yaani kama aliyepigwa bado anaweza kujilinda kwa akili, na akiona hawezi humkinga kwa mwili wake papo hapo. Yule mnayemzomea kwa kuvunja pambano mapema ndiye mtu pekee ulingoni anayefanya kazi iliyo karibu na yangu.

Nije sasa kwenye maji, kwani hapa ndipo subira yangu hukoma. Kijana akianguka, jambo la kwanza analotendewa ni kumwagiwa ndoo ya maji usoni, na la pili ni kunyweshwa. Wengine humnusisha kitunguu, wengine humpiga makofi mashavuni, wengine humkamata makwapani na kumtikisa, na wengine humpa soda ili apate nguvu. Kisha anapofumbua macho, watu hushangilia kwamba maji yamemwamsha. Maji hayakumwamsha. Kuzirai kwa ngumi, katika walio wengi, hudumu kwa sekunde chache tu, na muda wa kukimbilia ndoo, kuijaza na kurudi nayo ni mrefu kuliko huo, kwa hiyo ndoo hufika wakati ambapo mtu anaamka kwa kudra ya Mola na kwa maumbile yake mwenyewe. Walioangushwa Las Vegas usiku ule hawakumwagiwa ndoo, nao waliamka vile vile. Dawa inayopewa sifa ya jambo ambalo lingetokea bila yake ni hadaa, hata kama anayeitoa ana moyo safi.

Laiti ingekuwa hadaa isiyodhuru, ningenyamaza. Lakini mtu ambaye fahamu zake hazijarudi barabara hana uwezo kamili wa kumeza, na maji au soda anayotiliwa kinywani huingia mapafuni akapaliwa, akapata homa ya mapafu, au akafa mikononi mwa wanaomhurumia. Kitunguu na dawa kali za kunusa humfanya arushe kichwa nyuma kwa ghafula, na kule kumnyanyua na kumtikisa hutikisa shingo ambayo hakuna aliyeipima. Na ikiwa pingili za shingo zimevunjika, aliyeanguka akiwa na ubongo uliotikisika tu huinuliwa akiwa amepooza miguu na mikono. Na madhara yaliyo makubwa kupita yote ni haya ya nafsi: maji huwapa watu yakini ya uongo. Wakiisha kuona dawa imefanya kazi, huacha kumtazama mgonjwa.

Na hapo ndipo mauti huingia, kwa sababu mshipa uliopasuka ndani ya fuvu haumwagi damu yote mara moja. Mishipa midogo iunganishayo ubongo na utando wake huweza kuchanika na kuvuja polepole, na mshipa ulio chini ya mfupa wa panja huweza kupasuka na kumwacha mtu akizungumza, akila na kucheka kwa saa kadhaa, kabla damu haijajaza nafasi na kuukandamiza ubongo. Maana fuvu ni kasha lisilotanuka, na kila tone linaloongezeka ndani yake huchukua mahali pa ubongo wenyewe. Tarehe 13 Novemba 1982, Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipigana na Ray Mancini huko Las Vegas kuwania ubingwa wa dunia wa ngumi. Katika raundi ya 14 aliangushwa, akazishika kamba, akasimama kwa miguu yake, na refa Richard Green akavunja pambano akiwa amesimama hivyo hivyo. Dakika chache baadaye alizimika. Madaktari walimpasua kichwa kuondoa damu iliyouelemea ubongo, naye akafa siku chache baadaye. Baada ya msiba huo Baraza la Ngumi la Dunia lilipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Wala hatuna haja ya kwenda mbali, kwani mwishoni mwa Desemba 2024 bondia wetu Hassan Mgaya alifariki baada ya kupigwa nokauti katika pambano jijini Dar es Salaam, katika jiji lenye hospitali kubwa kuliko zote nchini.

Anayelinganisha mapambano ya kijijini na yale ya Las Vegas ayatazame na yale yasiyoonyeshwa sana na kamera. Madaktari wamekaa kando ya kizimba. Gari la wagonjwa liko tayari mlangoni. Kichwa kinachotiliwa shaka hupigwa picha usiku ule ule. Na aliyepigwa nokauti hufungiwa na bodi ya michezo asipigane kwa mwezi mmoja, miwili au zaidi, hata akiapa kwamba hana maumivu. Huku kwetu, kutoka Tunduru mjini hadi Songea ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Songea hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili ambako mafuvu hufunguliwa kila siku, ni safari ya kutwa nzima na zaidi. Damu ndani ya fuvu haisubiri basi la asubuhi. Kwa hiyo sisi tulio mbali ndio tunaopaswa kuwa wepesi wa kuvunja pambano kuliko wao, na kinachofanyika ni kinyume chake.

Basi la kufanya ni hili, na si gumu. Aliyezirai, hata kwa sekunde 2, pambano lake limekwisha siku hiyo. Mwacheni alale chini, shingo isisogezwe. Kama anapumua na anataka kutapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja, watu watatu au wanne. Kama hapumui, anzeni kumkandamiza kifua. Asinyweshwe wala asilishwe kitu mpaka ajibu maswali kwa ufasaha na ameze mate yake mwenyewe. Maumivu ya kichwa, apewe parasetamoli. Aspirini na diklofenaki asipewe, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Pombe, hapana. Pikipiki asiendeshe. Alale nyumbani kwa mtu, si peke yake. Kulala hakumdhuru, bali aamshwe kila baada ya saa 2 au 3 aulizwe jina na mahali alipo. Apelekwe hospitali usiku ule ule, pasipo shauri la wazee wala kikao, ikiwa kichwa kinazidi kuuma, anatapika tena na tena, ni mzito kuamka, anaongea ovyo, ana degedege, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko ya pili, upande mmoja wa mwili umelegea, au maji maji yanatoka puani au sikioni: Mbesa au Tunduru mjini kwanza, na mpigieni simu daktari mkiwa njiani ili rufaa ya Songea iandaliwe. Asiye na dalili apumzike, arudi kazini taratibu, na kichwa chake kisiguswe na ngumi kwa siku 30 kwa uchache; akipigwa nokauti ya pili katika miezi michache, aache mwaka mzima.

Na wanaoandaa mapambano ya vijana vijijini, ambao najua wengi wao hawana nia mbaya na huupenda mchezo kama niupendavyo mimi, wakubali sharti moja kabla ya kutangaza siku: pawe na tabibu au muuguzi kando ya ulingo mwenye idhini ya kuvunja pambano bila kuulizwa sababu, na pawe na gari lenye mafuta na dereva asiyelewa. Palipokosekana moja kati ya hayo, vijana wafanye mieleka na mazoezi ya kukabana kwa mafunzo ya mwalimu, ambamo anayezidiwa hugonga kwa mkono akaachiliwa papo hapo, na ngumi za kichwa ziahirishwe mpaka gari lipatikane.