Kompyuta Ziende Kwenye Ngoma

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya anapoanza kuandika programu kwa lugha ya Python, huenda akadhani lugha hiyo imepewa jina la chatu. Sivyo. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, aliiita kwa jina la Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza lililovuma kwenye televisheni kuanzia 1969. Mifano mingi katika maelezo ya lugha hiyo hutaja mayai na nyama ya kopo ya Spam, kwa kuwa kundi hilo lilikuwa na kichekesho maarufu cha mkahawa usioisha kuuza nyama hiyo. Hakuna kosa hapo. Aliyeijenga Python alikuwa shabiki wa vipindi vya kundi hilo, na kicheko chake kikabaki ndani ya kazi yake. Wanaotengeneza tovuti na programu hawaachi burudani zao mlangoni wanapoingia kazini, na kwa hiyo swali la burudani ya nani inatawala mkutano wa teknolojia ni swali la nani atajiona mwenyeji humo.

Kenya imekuwa na mikutano hiyo kwa muda wa kutosha kuweza kuipima. iHub, kituo cha wanateknolojia, ilipofunguliwa Nairobi, kwenye barabara ya Ngong, Machi 2010, ilikuwa imeanzishwa na watu wa Ushahidi, mfumo wa ramani uliozaliwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kazi iliyofanyika humo inastahili heshima. Lakini desturi zilizokua kandokando yake, na kuenea hadi kwenye mikutano mingine ya madevelopa nchini, ni fulana, vibandiko vya kompyuta, pizza, utani wa Star Wars, mabishano kuhusu filamu za Marvel na katuni za Kijapani. Kijana wa Ndhiwa au Kehancha aliyekuja kwa matatu kutoka mbali anaweza kuijua JavaScript vizuri na bado akanyamaza siku nzima, maana mazungumzo yanayowaunganisha wenzake yanafanyika nje ya JavaScript. Hoja yangu ni kwamba mikutano ya teknolojia katika kaunti za Migori na Homa Bay isisubiri kuletwa ikiwa na desturi hizo. Iingie katika mikusanyiko ambayo watu wa huku tayari wanaipenda.

Kanda hii ya Ziwa Victoria ina ushahidi wake kwamba hilo linawezekana, na ushahidi huo ni wa muziki. Gitaa nalo lilitoka nje, kama kompyuta ilivyotoka nje. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa Nyanza walilichukua, wakasikiliza rumba ya Kongo, kisha wakahamishia kwenye nyuzi zake mchezo wa vidole wa nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, na muziki wa benga ukapatikana. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, upande wa pili wa mpaka wa Migori na Tanzania, aliufikisha mtindo huo mbali akiwa na bendi yake ya Shirati Jazz. Muziki wa aina hii ulikua katika dansi, arusi na matanga, mahali ambapo chipukizi aliweza kusimama karibu na jukwaa, akatazama vidole vya aliyemtangulia, akamuuliza usiku uleule na kujaribu kesho yake. Hakuna aliyedaiwa kwanza awe shabiki wa wanamuziki wa Marekani ndipo akabidhiwe gitaa. Chombo kigeni kiliingia katika starehe ya wenyeji, na starehe hiyo ndiyo iliyokifundisha na kukibadilisha.

Mtu makini atapinga kwamba nazungumzia ngoma wakati watu hawana mtandao. Takwimu ziko upande wake. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi walitumia intaneti, na asilimia 10.4 walitumia kompyuta. Kaunti hizi mbili, kila moja ikiwa na watu zaidi ya milioni 1.1, ziko mbali na Nairobi kwa kila hali. Serikali imeahidi kituo cha kidijitali katika kila wadi kati ya wadi 1,450 za nchi. Homa Bay ina wadi 40 na Migori 40, kwa hiyo ahadi hiyo ikitimizwa tutapata vituo 80. Navitaka vyote. Hata hivyo chumba chenye kompyuta hakiwi mkusanyiko kwa sababu tu kina stima na mtandao, na kisiwa cha Mfangano kilikwisha kuonyesha hivyo. Kituo cha Ekialo Kiona kilitoa matumizi ya kompyuta bila malipo kwa yeyote aliyekubali kupimwa virusi vya UKIMWI kila baada ya miezi sita, na pamoja nacho ikaanzishwa redio inayotangaza kwa Kisuba, lugha ambayo wengi walidhani inakwenda kuzikwa na wazee wake. Mashine, afya na utangazaji viliwekwa chini ya paa moja. Mvuvi ambaye hakuwa na haja na barua pepe alikuwa na haja ya kusikia lugha ya mama yake hewani, na hiyo ikawa sababu ya kukijali kituo.

Wengine watasema mikutano yenyewe imepitwa na wakati: masomo yako YouTube, maswali yanajibiwa kwenye WhatsApp, nauli ya nini? Jibu bora lilitoka Kisumu. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, waliojiita The Restorers, walifika fainali za shindano la Technovation huko Marekani na programu ya simu iitwayo i-Cut, inayomwezesha msichana kuomba msaada au kutoa taarifa kuhusu ukeketaji. Wao wenyewe walitoka katika jamii isiyokeketa. Tatizo walilijua kwa kukaa na wenzao wa jamii zinazokeketa, na ufundi waliupata kwa walezi wa LakeHub, kituo cha ubunifu cha Kisumu. Video ya masomo ingewafundisha kuunda kitufe. Isingewaambia kitufe hicho ni cha nani. Na wenye kukihitaji wako karibu: katika Migori, miongoni mwa Wakuria, ukeketaji umeendelea hasa katika likizo ya Desemba licha ya sheria ya 2011 inayoukataza.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni la ukabila. Migori ni ya Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Wakisii, Waluhya, Wasomali na wengine. Mkutano ukiingia katika benga, je, Mkuria wa Isebania hatakuwa mgeni upya? Anaweza kuwa, na waandaaji wakilipuuza hilo watajenga ukuta mpya mahali pa ule wa zamani. Ndiyo maana sisemi burudani moja itawale. Shujaaz, katuni iliyoanza 2010, ilitumia Sheng na ikasomwa na vijana wa makabila yote. Ilitwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Wala sisemi filamu za ng'ambo zifungiwe nje. Black Panther ilipozinduliwa Kisumu Februari 2018, umati haukujiona unashangilia kitu cha wengine, kwani Lupita Nyong'o, aliyeigiza humo, ni binti wa huku. Anayependa katuni za Kijapani aje nazo. Azikute kandokando ya Simbi Nyaima, hadithi ya kijiji kilichozama karibu na Kendu Bay baada ya kumnyima bibi kizee hifadhi, ambayo ingefaa sana kuwa mchezo wa simu, na ya Nyamgondho wa Gwassi aliyepata utajiri kutoka ziwani na kuupoteza kwa ulevi na matusi.

Kazi ya kufanyia mazoezi haikosekani. Santuri za benga zinachakaa kwenye masanduku, zikisubiri kuorodheshwa mtandaoni nani alipiga nini na mwaka gani. Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizojengwa bila chokaa wala saruji, iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, na mgeni anayetaka kufika bado anastahili ramani na maelezo yaliyoandikwa na vijana wa Nyatike wenyewe, kwa Kiswahili, Kijaluo na Kiingereza. Nafasi ya kuanza pia ipo: tamasha la utamaduni la kisiwa cha Rusinga hufanyika Desemba. Wakati huo wanafunzi wamefunga vyuo, waliohamia Nairobi wamerudi na kompyuta zao, na wasichana wa Kuria wako katika msimu wao wa hatari. Kamati za matamasha ya kaunti zote mbili zikitenga saa tatu za mchana, kabla ya wanamuziki kupanda jukwaani, zikaweka meza chache chini ya turubai na kuwaalika walimu wa kompyuta wa Rongo na Tom Mboya, mkutano wa kwanza utakuwa umepatikana bila kusubiri hata kituo kimoja kati ya vile 80.